Kumi na Mbili Waliotangulia: shajara ya kipindi kimoja cha redio

Jumatatu, 10 Novemba

Kikao cha vipindi. Mkuu wetu anataka Januari tuwe na chati maalumu: nyimbo ishirini za wanamuziki waliofariki, tukihesabu kutoka namba ishirini kushuka mpaka namba moja, Jumamosi, saa mbili hadi saa nne usiku. Kazi imeniangukia mimi. Wenzangu wote walikuwa na dharura, mimi nilikuwa natafuna andazi, mdomo umejaa, nikashindwa kukataa.

Wazo si geni. Marekani wana mazoea nalo tangu enzi za Casey Kasem, aliyeanza kutangaza American Top 40 tarehe 4 Julai 1970. Lakini wenzetu wana cha kuhesabia. Otis Redding alikufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967, na Machi 1968 wimbo wake wa "(Sittin' On) The Dock of the Bay" ukakaa namba moja kwenye chati ya Billboard, wa kwanza kufika pale mwenyewe akiwa kaburini. Unaweza kuuonyesha kwa kidole: wiki fulani, nafasi fulani.

Sisi tutahesabu nini? Bendi zetu za miaka ya sabini zilikuwa zinakwenda Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, zinarekodi, utepe unabaki palepale redioni. Santuri zilichapwa Nairobi. Wimbo ulikuwa maarufu kwa sababu kila nyumba ilikuwa inausikia, si kwa sababu kuna mtu alihesabu nakala. Nimeyasema haya kikaoni, andazi likiwa limeshashuka. Jibu: "Wasikilizaji watapiga kura kwa meseji. Anza."

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekaa na fundi mitambo kupiga hesabu ya dakika. Saa mbili ni dakika 120. Toa matangazo ya biashara 16, toa taarifa fupi 5, zinabaki 99. Nyimbo ishirini, kila moja niitambulishe kwa dakika moja na nusu, hapo 30 zimekwenda. Zinabaki 69 za muziki. Kila wimbo dakika tatu na nusu kasoro.

Muziki wa dansi wa dakika tatu na nusu ni muziki gani? Hapo ndipo mwimbaji anamaliza kueleza shida zake, magitaa yanajiandaa kupanda. Chemko lenyewe halijaanza! Kwenye santuri ndogo wimbo mmoja ulikuwa unagawanywa pande mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na watu walikuwa wanainuka kugeuza. Ukikata kabla ya chemko, mzee wa Temeke atapiga simu akuulize kama umelipwa kuua wimbo.

Tumekubaliana nyimbo kumi na mbili. Hapo nabaki na dakika 81, karibu saba kwa kila mmoja. Mkuu kanung'unika kwamba ishirini ni namba nzuri zaidi. Sijajibu.

Jumanne, 18 Novemba

Kura zimeanza kumiminika tangu Jumapili. Albert Mangwair yuko mbele na sioni wa kumshika. Nyuma yake Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe, Remmy Ongala. Mmoja kampigia kura mjomba wake aliyekuwa anapiga ngoma kwenye harusi za Mbagala. Nimeicheka, kisha nikaona haya kidogo.

Kinachonisumbua ni maneno yanayokuja na kura. "Ngwair namba moja, nilikuwepo Leaders siku ile." Hakuna wimbo uliotajwa. Anakumbuka Leaders Club pale Kinondoni, Juni 2013, mwili ulipokuja kutoka Johannesburg, kabla ya kupelekwa Morogoro kuzikwa. Mwingine: "Mbaraka, kwa sababu baba alilia." Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Aliyetuma hiyo meseji huenda alikuwa mtoto wa miaka mitano.

Kwa hiyo watu hawachagui nyimbo. Wanachagua misiba, nani aliwauma zaidi. Na msiba wa juzi siku zote utaushinda wa zamani, kwa sababu walioulilia wa zamani nao wamekwisha kufa, hawatumi meseji.

Jumatano, 26 Novemba

Kariakoo, kwa mzee wa santuri. Jua kali, na kila ninayemuuliza njia ananiuzia chaja ya simu kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Wimbo wa Marijani."

"Wa Marijani au wa Dar International?"

Nikadhani ananipima. Nikasema si ni kitu kimoja. Akaniangalia kama konda anavyomwangalia abiria mwenye noti ya elfu kumi asubuhi. Akaanza kunifundisha. "Georgina" ni wa bendi ya Safari Trippers, "Zuwena" ni wa bendi ya Dar International. Sauti ni ile ile ya Jabali la Muziki, lakini waliokaa nyuma yake ni wengine. Nani kashika solo? Nani rithimu? Hilo tarumbeta ni la nani? "Mnataja mmoja, mnasema kafa, mnampigia wimbo wake. Na huyo wa besi? Yeye hakufa?"

Muhidin Gurumo ndiye mfano wake mkubwa. Alikuwemo NUTA Jazz ilipoanza 1964, bendi ambayo baadaye iliitwa Juwata, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park. Akapita Orchestra Safari Sound (OSS), akarudi Msondo. Alifariki Aprili 2014. "Ukimpiga Gurumo," mzee akaniuliza, "unampiga wa wapi?"

Nilikwenda kutafuta santuri mbili, nimerudi nazo, na nimerudi na maswali yasiyoenea kwenye daftari. Santuri kaniazima, hakuniuzia. Kasema niandike tarehe ya kuzirudisha, na nikaandika mbele yake.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo nimetaka kumuua mtu.

Kwenye orodha ya kura, namba nne alikuwa mwimbaji mmoja mkongwe, sitamtaja. Watu walimpigia kura kwa wingi, na mimi mwenyewe ningeweza kuapa kwamba nilisikia tangazo la msiba wake miaka ile, nikiwa kwenye daladala la Tegeta. Nikawa nimeshamwandikia maneno ya utambulisho, mazuri tu, yenye "pengo lisilozibika" ndani yake. Nikapiga simu kwa watu wa bendi yake ya zamani niulize jina la mpiga besi, maana mzee wa Kariakoo kanitia wasiwasi.

Simu ikapokewa. Nikasalimia, nikataja jina la mwimbaji. Mungu mkubwa, neno "marehemu" lilikwama kooni.

"Marahaba mwanangu. Ndiye mimi. Sema."

Sikumbuki nilisema nini kwa sekunde kadhaa. Baadaye nikaeleza kwamba tunaandaa kipindi cha wakongwe. Si uongo, nilipunguza tu maneno. Akafurahi, akasema wapiga besi wote wa bendi ile anawajua, na mitaa waliyokuwa wanakaa anaijua, na angependa kuja studio.

Nikakata simu, nikachukua kalamu nyekundu, nikamkata kwenye karatasi. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Mji huu kumzushia mtu kifo ni jambo jepesi. Banza Stone alizushiwa zaidi ya mara moja wakati anaumwa, hata alipofariki kweli, Julai 2015, kuna watu walisubiri kwanza wasikie kama atakanusha. Kuanzia leo sheria ya kipindi ni hii: kila jina lithibitishwe na watu wawili wasiojuana, mmoja awe wa familia au wa bendi. Hewani tutataja mwezi na mwaka wa kufariki, basi. Tarehe zina ubishi wake, na ubishi wa tarehe unakula dakika.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimelala.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimerudi Kariakoo, safari hii kulalamika. Nikamweleza mzee kwamba orodha inanishinda. Nikifuata kura, Mangwair anakuwa namba moja na Salum Abdallah hayumo kabisa. Nikifuata moyo wangu, napanga ninavyopenda mimi, halafu nani kaniweka kuwa hakimu wa maiti? Bi Kidude awe wa tano na Hemedi Maneti wa sita kwa kipimo gani?

Mzee alikuwa anafuta vumbi kwenye jalada, hakuinua kichwa. "Kipindi chenu kinaitwaje?"

"Waliotangulia."

"Basi namba moja ni aliyetangulia."

Nikabaki nimesimama. Jibu lilikuwa kwenye jina la kipindi tangu siku ya kwanza, nami nimehangaika mwezi mzima. Aliyetangulia kwanza ndiye wa kwanza. Aliyefariki karibuni ndiye wa kumi na mbili. Hatuhukumu sauti ya mtu, tunasoma foleni. Na msikilizaji atasafiri kurudi nyuma, kutoka kwenye rap ya Chamber Squad, kundi la Mangwair, hadi kwenye rumba ya Morogoro, bila mimi kumwambia kwamba anasafiri.

Kura nazo zina kazi yake: ndizo zinazoamua nani anaingia. Mwaka wa kufariki ndio unaoamua anakaa wapi.

Nikiwa mlangoni mzee akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyejali: "Kwa hiyo Salum Abdallah anakuwa namba moja, sivyo? Novemba 1965." Ndipo nikakumbuka kwamba mzee ni mtu wa Morogoro, na kwamba juu ya kiti chake pana picha ya Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah. Mjanja sana huyu.

Ijumaa, 19 Desemba

Mkuu hakupenda. Anasema chati isiyo na mshindi haina utamu, na msikilizaji ataweza kukisia anayefuata. Nimemwambia msikilizaji anayejua kwa mpangilio nani alifariki mwaka gani tangu 2015 kurudi nyuma apewe kipindi chake mwenyewe. Tumebishana, fundi akawa mwamuzi, akasema yeye anachotaka ni nyimbo zisikatwe. Imepita.

Orodha kwa sasa, kutoka mwisho: Banza Stone 2015, Gurumo 2014, Mangwair Mei 2013, Bi Kidude Aprili 2013, Remmy 2010, TX Moshi William 2006, Ndala Kasheba na Patrick Balisidya wote 2004, Marijani 1995, Hemedi Maneti 1990, Mbaraka 1979, Salum Abdallah 1965.

Shaaban Dede, aliyefariki Julai 2017, kura hazikumtosha, na Shakila Said vilevile. Najua nitakavyosemwa kuhusu Shakila, na nitastahili. Kwa mama zangu wa Temeke "Macho Yanacheka" si wimbo wa kuachwa nje.

Kuhusu Remmy, kila mtu anadhani tutapiga "Kifo". Ndiyo maana sitaupiga. Ni rahisi mno, kama kuvaa kaniki msibani kisha ukaomba usifiwe. Nitapiga "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kinga ya ukimwi ulionyimwa nafasi redioni ulipotoka. Leo makonda wanaita "Sinza kwa Remmy" kutwa nzima, abiria wadogo wanadhani ni jina la duka. Acha wimbo wake upigwe redioni, saa tatu usiku, mpaka mwisho.

Jumamosi, 3 Januari

Rafiki yangu wa Unguja kanitumia salamu za mwaka mpya, nikamweleza kuhusu kipindi, namba moja ni aliyetangulia, na kadhalika. Akaandika maneno mawili tu.

"Na Siti?"

Siti binti Saad. Alifariki 1950. Miaka kumi na mitano kabla ya Salum Abdallah. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za His Master's Voice, kwa Kiswahili, wakati Dar es Salaam haina hata redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Maana yake alikufa mwaka mmoja kabla redio ya mji huu haijazaliwa. Na mimi nimekaa miezi miwili natengeneza orodha ya waliotangulia bila yeye, kwa sababu hakupata kura zaidi ya moja.

Nimevunja sheria ya kura na sijutii. Siti anaingia, namba moja. Anayetoka ni Kasheba, na hili linaniuma, kwa hiyo gitaa lake la nyuzi kumi na mbili ndilo litakalopita chini ya sauti yangu ninapotambulisha nyimbo. Sijui kama hiyo ni heshima au ni kumfanya marehemu apigie wenzake kibarua.

Kumpigia simu mzee wa Kariakoo kumetaka moyo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha: "Siti hakuwa na bendi."

Nikamwambia alikuwa nayo. Maalim Shaaban, Budda bin Mwendo, Subeti bin Ambari, Mbaruku. Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza waliokaa nyuma.

"Haya," akasema. "Hapo umenichemsha."

Ijumaa, 9 Januari

Mkongwe amekuja kurekodi, kavaa shati la kitenge lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Tumemsikilizisha tepu za bendi tatu. Akifumba macho anatambua: hili gitaa la fulani, huyu anayeitikia juu ni fulani, alifariki mapema, alikuwa anadaiwa na kila mtu. Hilo la mwisho tumelikata. Kwa kila wimbo wa dansi sasa nina majina mawili matatu ya wapigaji waliotangulia, na yote yamepita kwa shahidi wa pili. Moja halikupita, nimeliacha.

Halafu likatokea nililoliogopa. Nilikwenda kumchukulia chai. Niliporudi, alikuwa ameshika karatasi yangu ya kura, ile yenye kalamu nyekundu. Niliisahau mezani kama mjinga.

"Kumbe na mimi nilikuwemo," akasema.

Ningetamani sakafu inimeze.

"Namba ngapi hii? Nne?"

"Nne, mzee. Nisamehe sana."

Akaitazama tena, akaweka miwani vizuri. "Mbele ya Maneti?"

"Mbele ya Maneti."

"Si mbaya," akasema, akaomba sukari iongezwe.

Jumamosi, 10 Januari

Tumeruka hewani saa mbili kamili. Nyimbo hazikukatwa hata moja. "Shida" ya Mbaraka ilikwenda mpaka magitaa yakazimika yenyewe, na "Harusi" ya Balisidya ilimfanya mlinzi wa getini aje kusimama mlangoni mwa studio, kwa sababu, anasema, ndiyo iliyopigwa yake.

Baada ya Maneti umeme ukakatika. Jenereta letu lina tabia ya kufikiri kwanza. Tulikaa kimya hewani sekunde ambazo fundi anadai zilikuwa kumi na moja na mimi naapa zilikuwa dakika. Taa zilipowaka, meseji ya kwanza ilitoka Mbagala: "Hongereni kwa kumkumbuka Maneti kwa ukimya. Wengine waige." Tumeiacha ilivyo.

Wa Ngwair walikasirika kumwona yuko namba kumi, mpaka nilipoeleza foleni kwa mara ya tatu. Mmoja akaandika: "Sawa, kumbe kumi ni mwaka wake, si cheo." Ningekuwa nayo sentensi hiyo mwezi Novemba, tungeokoa vikao viwili.

Siti alibakiwa na dakika nne na nusu. Ilitosha, upande mmoja wa santuri za zama zile ni kama dakika tatu. Faili lina mchakacho mwingi, fundi alitaka kuusafisha nikamzuia, maana ukiusafisha unaondoka na herufi zake. Majina ya wenzake nilimwachia mkongwe ayasome, polepole, jina moja moja. Sauti ikapanda kutoka Bombay ya 1928. Nilitazama saa, sikugusa kitu.

Jumatatu, 12 Januari

Mama mmoja wa Temeke kapiga simu kuhusu Shakila. Amesema yote niliyotarajia na mengine mawili ambayo sikuyatarajia. Nimemwomba radhi.

Msikilizaji wa Ilala hakupenda gitaa la Kasheba lipite chini ya sauti yangu. Ana haki.

Santuri mbili nimezirudisha Kariakoo, siku tatu baada ya tarehe niliyoandika. Mzee kasikiliza kipindi chote. Hakusema kizuri wala kibaya kuhusu Siti, ila picha ya Cuban Marimba ameihamisha, sasa inatazama mlangoni, mtu akiingia tu anakutana nayo.

Mkongwe naye kapiga. Anataka kipindi kwenye flashi, wajukuu wasikie. Nimemwahidi Jumatano. Anataka pia na ile karatasi yenye jina lake lililokatwa kwa kalamu nyekundu, na amesisitiza: si kopi, yenyewe.